Kuijua Njia ya Mtu

Mgeni anayeitafuta nyumba ya mtu Mbweni, Unguja, hahangaiki sana na ramani. Husimama kwenye duka la kwanza, akasalimu, kisha akataja jina. Muuza duka humwelekeza kwa mkono: shika njia hii inayoteremkia pwani, ukishaupita mwembe, nyumba ya pili. Pengine muuza duka huyo hajawahi kukaa na huyo anayetafutwa hata siku moja. Anachojua ni kwamba kila asubuhi hutokea upande ule. Ameijua njia yake. Je, amemjua?

Swali hilo ni la zamani, ila siku hizi limepata pahala papya pa kuulizwa: ndani ya kisanduku chenye vitaa vya kijani, kilichofungwa ukutani katika ofisi, skuli na hospitali, kinachoitwa swichi. Kompyuta za jengo huchomekwa nyaya zao humo, na kazi yake ni kuupokea ujumbe kwenye tundu moja, yaani poti, na kuutoa kwenye poti inayostahiki. Anayetaka kuelewa namna inavyofanya atazame jedwali lake, kwa sababu hilo ndilo akili yake yote.

Kila kompyuta ina anwani ya MAC, namba ya biti 48 ambayo kwa kawaida hutiwa kiwandani. Biti hizo zinatosha kutofautisha vifaa zaidi ya trilioni 281. Swichi inapowashwa haimjui hata mmoja. Jedwali ni jeupe. Kifurushi cha kwanza cha data, ambacho mafundi hukiita fremu, kikiingia kwa poti ya 3, swichi husoma anwani hiyo, ndiyo jina la aliyekituma, na kuandika: fulani yuko poti ya 3. Halafu hutazama kinakwenda kwa nani. Mpokeaji akiwa hayumo kwenye jedwali, swichi hutoa nakala kwenye poti zote isipokuwa ile kilikotokea, kama mtu anayepiga hodi mlangoni bila kujua mwenyewe yuko chumba gani. Mwenyewe akiitika, kule kuitika kwake ndiko kunakomtambulisha aliko, na mstari wa pili unaandikwa. Hakuna mwalimu aliyeifundisha. Imejifunza kwa kuwasikiliza wapitao.

Kasi ya kazi hii inatisha. Kwenye poti ya gigabiti 100 kwa sekunde, fremu ndogo kabisa, za baiti 64, zinaweza kufuatana kila baada ya nanosekunde 6.7 hivi. Katika muda huo mwanga wenyewe huwa umesafiri mita 2 tu, mlango hadi kitandani. Swichi haiwezi kupekua daftari ukurasa kwa ukurasa. Kwa hiyo baadhi zina kumbukumbu ya namna ya pekee: jina hutangazwa kwa mistari yote kwa mpigo mmoja, na mstari ulio nalo ndio unaoitika. Nyingine hulikokotoa jina likawa namba ya safu, zikaiendea safu hiyo moja kwa moja. Kwenye kompyuta kuu zinazotumia mtandao wa InfiniBand, swichi hata hazisubiri kusikia: programu moja msimamizi huukagua mtandao mzima, hupanga njia zote, kisha huiandikia kila swichi jedwali lake kabla ya safari kuanza.

Lakini anayejifunza kwa kusikia hana budi kuamini. Fremu ikisema imetoka kwa fulani, swichi ya kawaida inaandika hivyo hivyo. Wadukuzi wanaujua udhaifu huo. Humimina maelfu ya fremu zenye majina ya uongo mpaka jedwali linajaa. Tangu hapo, majina mapya hayapati nafasi, na jumbe zinazokwenda kwao hutawanywa kwenye poti zote, pamoja na ile ya mdukuzi anayesikiliza. Dawa ya mafundi ni kuiwekea kila poti kikomo cha majina inayoruhusiwa.

Wanazuoni wa hadithi waliliona tatizo hili kwa upande wa wanadamu, karne nyingi kabla ya umeme. Imam Bukhari, aliyeishi karne ya 9, hakuridhika kusikia tu kwamba habari imetoka kwa fulani. Aliuliza imepitia kwa nani na nani, kama msimulizi alikutana kweli na anayemsimulia, kama alikuwa mkweli na mwenye hifadhi nzuri. Wanazuoni wakatenganisha habari ya mtu mmoja na ile iliyopokewa na wengi kiasi cha kutoweza kula njama. Kwa mizani hiyo, jedwali zima la swichi ni habari ya mmoja, tena mmoja anayejishuhudia mwenyewe.

Haifai, hata hivyo, kuudharau ujuzi huu mwembamba. Mwishoni mwa mwaka 2000, watoa huduma za intaneti wa Kenya waliunganisha nyaya zao Nairobi kwenye kituo cha kubadilishana ambacho moyo wake ni swichi. Kabla ya hapo, barua pepe ya mtu wa Nairobi kwenda kwa jirani yake aliyejiunga na kampuni nyingine iliweza kupanda hadi setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikatua ng'ambo, kisha ikarudi kwa njia ya namna hiyo hiyo mpaka mtaa ule ule. Kituo kilifungwa kwa amri ya mdhibiti muda mfupi baada ya kuanza, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam ikapata chake mwaka 2004. Kisanduku kisichomjua mtu yeyote kiliwafanya majirani wafikiane kama majirani. Hiyo ni neema, na anayeipuuza hajawahi kulipia intaneti ya setilaiti.

Mbweni yenyewe ina historia ya majedwali ya watu. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja, lakini majahazi yaliendelea kusafirisha watumwa kwa siri, na manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata. Watoto waliookolewa waliandikishwa kwenye ubalozi wa Uingereza, na baadhi wakakabidhiwa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokuwa na shamba Mbweni, jirani na nyumba ya pwani ya balozi John Kirk. Wasichana walilelewa katika skuli ya Mtakatifu Maria, ambako Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 na kuiongoza kwa miaka mingi. Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililojengwa mwaka 1882, lingali limesimama. Skuli imebaki magofu.

Msichana alipata chakula, usalama, kusoma na kuandika, na wengi walipobatizwa walipata jina jipya. Wema huo ni wa kweli. Ila daftari lilijua kitu kimoja barabara: sasa yuko kwa nani. Jina aliloitwa na mama yake huko Nyasa au Uyao, na mtu aliyebaki kule akimuulizia kila anayetoka pwani, havikuwa na mstari wake.

Hapa ndipo swichi inapofundisha jambo zito. Mstari wa jedwali hauandikwi milele. Kwa kawaida, kompyuta ikikaa kimya sekunde 300, jina lake hufutwa ili nafasi itumike. Swichi haiulizi kulikoni. Kwake, aliyenyamaza na ambaye hakuwahi kuwapo ni sawasawa.

Katika Surat an-Naml, Nabii Sulaiman anawakagua ndege na jambo la kwanza analoliona ni pengo: Hud-hud hayupo. Wengine wamehudhuria, yeye anamuulizia mmoja. Hud-hud anaporudi na habari za Malkia wa Sabaa, Sulaiman haandiki tu alichoambiwa. Anasema atatazama kama ni mkweli au mwongo. Mambo yote mawili yasiyowezekana kwa swichi, kuhakiki neno na kumkosa asiyekuwapo, yamekutana katika kisa kimoja. Wakristo wa Mbweni nao wanalo la kwao katika Injili ya Luka: mchungaji mwenye kondoo mia anawaacha tisini na tisa akamtafute mmoja aliyepotea. Kwa hesabu ya jedwali, mchungaji huyo amekosea. Kwa wanaoamini, hapo ndipo ilipo maana ya kujulikana na Mungu.

Muuza duka wa Mbweni anasimama katikati ya swichi na mchungaji. Asubuhi ya kwanza jirani asipotokea, hasemi neno. Watu husafiri, huamkia kazini, hulala. Asubuhi ya pili anamuuliza mteja mmoja. Ya tatu anamwita mtoto anayenunua sukari, anamwambia apitie nyumba ile ya pili baada ya mwembe, apige hodi, amtazame mzee yule anaendeleaje.