Ahadi Yenye Bei

Barua imetufikia kutoka Kagondo, upande wa Muleba. Mwandishi wake ni mwalimu mstaafu, na jina lake hatulitaji kwa kuwa hakutupa ruhusa. Ataka kununua motokaa ya umeme iliyokwisha kutumika, kwa fedha za kiinua mgongo pamoja na za kahawa ya misimu miwili. Mwuzaji wa Dar es Salaam amemwambia kwamba akiongeza shilingi 1,800,000 juu ya bei, atapewa dhamana ya nyongeza ya miaka mitatu: likiharibika jambo, litatengenezwa bila malipo. Mwalimu huyu hakutuuliza kama motokaa za umeme ni nzuri au mbaya. Ametuuliza jambo gumu zaidi. Je, Mkristo anunuaye dhamana ya namna hii aonyesha busara, au aonyesha kwamba hamtumaini Mungu? Na mwuzaji amtozaye mtu fedha ili akubali kuwajibika kwa bidhaa aliyoiuza mwenyewe, atenda haki?

Twajua wapo watakaosema kwamba ukurasa huu wahusu mambo ya roho, si mambo ya betri. Sisi hatuoni hivyo. Kiinua mgongo cha mwalimu ni jasho la miaka mingi ya chaki na madaftari, na mahali popote jasho la mtu linapobadilishwa kwa karatasi yenye maandishi madogo, hapo pana swali la haki.

Tuanze na lile la kumtumaini Mungu, maana ndilo jepesi. Bwana Wetu alitufundisha tusiisumbukie kesho, bali tuwatazame ndege wa angani na maua ya kondeni. Lakini katika Maandiko hayo hayo twamwona Yosefu huko Misri akiweka ghalani sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, wala hakuna aliyemhesabia kosa. Twawaona pia Waisraeli jangwani waliojiwekea mana ya kesho, ikaingia funza na kunuka. Matendo hayo mawili yafanana kwa nje tu. Yosefu aliweka akiba kwa ajili ya njaa aliyokuwa amejulishwa, tena akawawekea watu wote; wale wa jangwani walijiwekea kwa hofu tu, na huku walikwisha ahidiwa kwamba asubuhi watapewa tena. Mtakatifu Tomaso wa Akwino ahesabu kuona mbele kuwa ni sehemu ya fadhila ya busara. Nasi wa Buhaya hatukungoja kufundishwa hayo na vitabu. Vyama vyetu vya kusaidiana, hivi viitwavyo bujuni, vyakusanya michango midogo midogo ili siku ya msiba nyumba isibaki na aibu juu ya huzuni. Tena tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipoziangusha nyumba za Bukoba na kuua watu, hatukumsikia mtu yeyote akisema kwamba waliokuwa na akiba walikuwa wamemkosea Mungu. Basi kujikinga si dhambi. Mwalimu wetu na aondoe wasiwasi huo.

Swali la pili ndilo lenye uzito, nalo lamhusu mwuzaji zaidi kuliko mnunuzi.

Huyo huyo Mtakatifu Tomaso, alipoandika juu ya kuuza na kununua, alifundisha mambo mawili yatufaayo hapa. La kwanza ni kwamba mwuzaji ajuaye kasoro iliyofichika katika kitu, naye akakiuza bila kuisema, atenda dhuluma na apaswa kumrudishia mnunuzi hasara yake. La pili halijulikani sana, nasi twaomba msomaji alitafakari taratibu. Alifundisha kwamba mwuzaji akipata hasara kwa kuachana na kitu chake, ana haki ya kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini kama mwuzaji hapotezi lolote, na ni mnunuzi tu mwenye shida kubwa na kitu hicho, si halali kupandisha bei kwa sababu ya shida hiyo. Shida ni ya mnunuzi, na mtu hawezi kuuza kisicho chake.

Tukiipima dhamana ya nyongeza kwa kipimo hicho, twaona kwamba katika zile shilingi 1,800,000 mmechanganyika vitu vya namna mbalimbali, kama mchele, chuya na mchanga katika ungo mmoja.

Sehemu moja yaweza kuwa malipo ya deni ambalo mwuzaji alikuwa nalo tangu mwanzo. Motokaa iuzwayo kama motokaa yapasa kwenda. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa yadai kitu kinachouzwa na mfanya biashara kiwe na ubora wa kukifaa soko, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo yamlinda mlaji. Mwuzaji asemaye, “Ukinilipa zaidi, nitahakikisha kwamba nilichokuuzia ni kizima,” amuuzia mtu haki yake mwenyewe kwa mara ya pili.

Historia ya motokaa hizi ina mfano ulio wazi. Nissan Leaf ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010. Kwenye dashibodi yake kuna alama 12 zinazoonyesha uwezo uliobaki wa betri, na alama hizo hupungua kadiri betri inavyozeeka. Mwaka 2012 wenye motokaa hizo katika jimbo la Arizona huko Marekani, nchi ya joto la jangwa, walilalamika kwamba alama zilikuwa zikizimika mapema mno, kwa kuwa joto huchakaza betri. Mambo yakafika mahakamani. Hatimaye kampuni ilitoa ahadi ya miaka 5 au maili 60,000 kwamba betri haitashuka chini ya alama 9, na ahadi hiyo ikawafikia hata wale waliokwisha kununua zamani, bila kuwatoza kitu. Siku hizi watengenezaji wengi huahidi kwa motokaa mpya miaka 8 au kilometa 160,000, kwamba betri haitapoteza zaidi ya asilimia 30 ya uwezo wake. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha kanuni mwaka 2024 ya kwamba betri za motokaa mpya sharti zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya miaka 5 au kilometa 100,000, na asilimia 72 baada ya miaka 8 au kilometa 160,000. Kanuni hiyo yaingizwa kwa hatua. Huko watu wamekwisha kuamua kwamba uimara wa betri ni deni la mtengenezaji. Kwetu huku, motokaa iliyosafirishwa kama mtumba kutoka Japani mara nyingi haifuatwi na ahadi ya kiwandani, na katika pengo hilo ndipo zinapoingia dhamana za kuuzwa.

Sehemu nyingine ya fedha hizo ni halali kabisa. Mtu aweza kulipwa kwa kubeba hatari ya mwenzake. Wanateolojia wa karne ya 16, walipochunguza bima za merikebu, wengi wao walilikubali jambo hilo, na sisi hatuna sababu ya kulikataa. Ni lazima abebaye hatari za wengi akusanye zaidi ya anayolipa, la sivyo atafilisika na ahadi zake zitakufa pamoja naye. Jarida la Consumer Reports la Marekani liliwauliza wenye motokaa mwaka 2014, likakuta kwamba zaidi ya nusu ya walionunua dhamana za nyongeza hawakupata kuzitumia kwa matengenezo yoyote. Hilo peke yake si wizi. Aliyechanga katika bujuni miaka kumi bila kufiwa hasemi kwamba ametapeliwa, humshukuru Mungu. Lakini katika bujuni daftari liko wazi, na fedha zabaki kwa majirani.

Iliyobaki ni bei ya hofu, nayo ndiyo mchanga. Tazameni wakati dhamana hizi zinapotajwa. Hazitajwi siku ya kwanza, mnunuzi anapokuwa na nafasi ya kulinganisha na kuuliza. Zatajwa mwisho, kalamu ikiwa mkononi, naye amechoka na ana haraka ya kwenda zake. Hapo husimuliwa habari za fulani aliyeharibikiwa betri akauza shamba. Hatari iliyo katika motokaa haikuongezeka kwa masimulizi hayo. Iliyoongezeka ni hofu ya mzee wa watu, na hofu hiyo si mali ya mwuzaji hata aitie bei.

Sasa tutazame hatari yenyewe, maana busara haipimi kwa macho yaliyofumbwa. Motokaa ya umeme haina mafuta ya injini ya kubadilisha, wala plagi, wala ekzosi. Vinavyozunguka na kusagana ndani yake ni vichache. Thamani yake kubwa iko katika betri. Kwa hiyo dhamana inayoiacha betri nje, na ziko za namna hiyo, imeacha karibu yote yenye kutisha. Nyingi huacha pia matairi, breki, ajali, na uharibifu wa barabara mbovu, na kwa barabara zetu za vijijini wakati wa masika tusiseme zaidi. Kwa upande mwingine, Mungu ametujalia ziwa na vilima. Hewa yetu ya Buhaya si ya Arizona, na betri hupendezwa na hali isiyo ya joto kali kama sisi wenyewe. Anayelipa bei moja na mtu wa nchi ya joto huenda anamsaidia mwenzake kulipa, jambo jema kama angeulizwa kwanza.

Kisha kuna umbali. Kutoka Kagondo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,300. Motokaa iliyokufa betri haiendi yenyewe kwa fundi. Yapandishwa juu ya lori. Nani alipa lori? Kama karatasi yasema matengenezo yafanyike katika karakana ya mwuzaji peke yake, wala haisemi neno juu ya lori, mwalimu amenunua ahadi ambayo kuidai kwaweza kuwa ghali kuliko kuisamehe.

Hata hivyo hatutaki mtu atoke hapa akisema kwamba gazeti la jimbo limekataza dhamana. Yupo mtu ambaye kwake yafaa sana. Ni kijana aliyekopa katika chama cha kuweka na kukopa ili anunue chombo cha kubebea abiria. Chombo kikisimama, marejesho hayasimami, na wadhamini wake, pengine mjomba na jirani, watafuatwa mpaka mlangoni. Mstaafu akiharibikiwa atapanda basi na kununa. Kijana huyu ataangusha nyumba tatu pamoja na yake. Kwa hasara ya namna hiyo ni haki, tena ni wajibu, kutafuta mtu wa kubeba hatari pamoja nawe. Twasikitika kwamba wenye sababu kubwa ya kuinunua dhamana ndio wasio na fedha ya kuilipia. Wakulima wetu wa kahawa waliona zamani kwamba kila mmoja peke yake hana nguvu mbele ya mnunuzi, wakaunda chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1950. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, alivisifu vyama vya kusaidiana. Vijana wa parokia mbili tatu wenye vyombo vya aina moja waweza kuwa na mfuko wao na fundi wao waliyemsomesha wenyewe. Mapadre na walei wenye elimu ya hesabu wangefanya vema kuwasaidia kuuanzisha.

Kwa mwalimu wetu, shauri letu ni hili. Kabla ya kulipa hata senti, adai kuonyeshwa hali ya betri kwa kipimo cha fundi asiye mtu wa mwuzaji. Betri ikiwa imechoka, dhamana haitaifanya iwe kijana, na mwuzaji aliyeijua hali hiyo akanyamaza ana deni mbele ya Mungu. Ikiwa ni nzima, aulize kama dhamana yaigusa betri, chini ya asilimia ngapi, nani alipa lori, na fundi gani wa Bukoba atambulikana. Asipopata majibu hayo kwa maandishi, aiache. Zile shilingi 1,800,000 ni sawa na shilingi 50,000 kwa mwezi katika miezi 36. Aziweke katika chama chake cha akiba, na motokaa isipoharibika zitakuwa bado ni zake.

Mwishoni mwa barua ameuliza pia kama ni lazima amwambie mkewe bei kamili ya motokaa kabla ya kulipa, au yatosha kumwambia baadaye. Kahawa ile waliichuma pamoja. Amwambie kabla.