JE, MAONO YANAWEZA KUMHUKUMU MTU?



Vijana wetu wanapenda kuangalia filimu za Korea. Katika moja iitwayo The Guest, iliyotoka mwaka 2018, watu watatu wanawatafuta wauaji pamoja: dereva wa teksi mwenye kuona pepo wachafu, padri mwenye kuwafukuza, na polisi mwanamke. Dereva anaona, polisi anakamata. Basi vijana wanatuuliza: kwa nini kanisa lenye manabii lisifanye vilevile?

Swali hili si la mchezo. Hapa Malemba-Nkulu, mvuvi akizama katika Lualaba, matanga hayajaisha watu wamekwisha kuuliza: nani amemloga? Wazee wetu walikwenda kwa bilumbu. Wengine waliuliza kashekesheke, ule mti mdogo wa kuchongwa ambao mganga na mwenye shida wanaushika pamoja, nao unajibu ndiyo au hapana kwa namna unavyotembea. Siku hizi wengine wanamwendea nabii. Na mara nyingi jina linalotajwa ni la mama mzee asiye na mtu, ao la mtoto yatima.

Katika filimu roho haikosei, kwa sababu mwenye kutunga hadithi anamjua muuaji tangu mwanzo. Katika kijiji chetu, anayejua hivyo ni Mungu peke yake.

Tukumbuke mambo ya mwaka 1925. Tomo Nyirenda, mtu wa Nyasa, alijiita Mwana Lesa, ndiyo kusema Mwana wa Mungu. Sisi Baluba jina la Leza tunalijua. Alibatiza watu mtoni katika Rhodesia ya Kaskazini, kisha akavuka kuingia Katanga. Yule ambaye maji hayakumfunika vizuri, alimtangaza kuwa mlozi, akauawa. Upande wa Kongo peke yake walikufa watu zaidi ya 100. Nyirenda alinyongwa mwaka 1926. Wale waliokufa hawakuulizwa neno, wala hakuna shahidi aliyesikilizwa. Na waliowapeleka mtoni walikuwa jamaa zao wenyewe, wakiamini kwamba wanasafisha kijiji.

Mtu atasema: je, mnataka kumzima Roho? Hapana. Tusome habari za Akani katika kitabu cha Yoshua, sura ya 7. Mungu mwenyewe alimwonyesha Akani kati ya kabila zote. Hata hivyo Yoshua alimwuliza, akamwacha aseme kwa kinywa chake. Kisha akatuma watu hemani, wakafukua, wakapata joho, fedha na dhahabu. Kama Yoshua alifukua baada ya Mungu kuonyesha, sisi ni nani tusifukue? Na sheria ya Musa inadai mashahidi wawili ao watatu. Ndoto ya mtu mmoja haifiki hesabu hiyo.

Mwingine atasema: hata polisi wanakosea. Ni kweli. Korea yenyewe, mtu mmoja alifungwa karibu miaka 20 juu ya msichana aliyeuawa Hwaseong mwaka 1988. Polisi walimtesa mpaka akakiri. Lakini mwaka 2019 vitu vilivyotunzwa tangu mauaji mengine ya mahali pale vilipimwa tena, vikamwonyesha muuaji, naye akakiri na uuaji huo pia. Desemba 2020 tribinali ikasema yule wa kwanza hana kosa. Uongo ulifunuliwa kwa sababu kulikuwa na kitu cha kupima, na mwenye kusingiziwa alikuwa angali hai. Maono hayawekwi kwenye mizani. Na aliyezamishwa mtoni, nani atamrudishia haki yake?

Basi neno letu ni hili. Maono yanaweza kutuamsha tutafute; hayawezi kufunga kesi. Nabii akiona jambo, alipeleke kwa wazee kwa siri, asitaje jina mbele ya mkutano. Kwa habari ya watoto, sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa azabu kwa mwenye kumsingizia mtoto ulozi.

Na siku ya matanga, kabla ya kuuliza nani amemloga, tuulize: mtumbwi ulikuwa na tundu? Upepo ulikuwa namna gani? Halafu tumtafute yule mama mzee ambaye watu wanamtazama vibaya, tukae karibu naye.

Bwana awabariki.