Kikopo kisicho na jina

Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, amefundisha kuwa atibuye bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara yake. Tukiisikia, fikra zetu humwendea mganga wa vichochoroni. Mimi namfikiria pia daktari mwenye shahada, aandikaye dawa kisha akafungua kabati lake na kukuuzia marhamu iliyochanganywa chumba cha pili.

Mwaka jana nilipewa kikopo cha namna hiyo kwa ajili ya mwanangu, hakina jina wala tarehe. Nilipouliza kina nini nikajibiwa, "Mwalimu, wewe paka tu." Nikapaka (na elimu yangu yote!). Kesho yake shingo ya mtoto ikavimba, na hospitali tuliyokimbilia ikaniuliza swali lile lile: kina nini?

Mwaka 2012 huko Marekani, sindano za steroidi zilizochanganywa na duka la dawa la Massachusetts ziliingiwa na kuvu. Waliugua zaidi ya watu 750, wakafa zaidi ya 60. Lakini zile zilikuwa na lebo, wagonjwa wakatafutwa. Kikopo changu kingetafutwa kwa jina gani?

Kuuziana kisichojulikana ni gharar, na Mtume (SAW) ameikataza. Hapa hata mfamasia wa kusema kipimo kimezidi hayupo, na faida ni ya yule yule aliyeandika. Basi muulize: dawa gani, kiasi gani, nani kaichanganya, lini? Akikasirika, omba cheti uende duka la dawa.