Udadisi Wenye Haja Ndani Yake

Nikimuuliza mtu habari za watoto wake, na tayari najua mbele ya safari nitamwomba pesa, huko ni kumjali au ni kumwinda? Swali hili hunisumbua kila ninaposaidia kutafuta karo za wasichana wa huku kwetu Muhuru Bay.

Marafiki zangu wa Nairobi hawaoni ugumu. Wananiambia: acha mizunguko, sema unachotaka, weka namba ya M-Pesa kwenye grupu, kila mtu aendelee na maisha yake. Kuna ukweli hapo, sikatai. Lakini ndivyo pia mtu anavyogeuzwa kuwa mfuko wenye miguu. Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu. Usiliruke hilo neno “tu”. Hakukataza watu kuhitajiana, maana sote tunahitajiana. Alikataza kuishia hapo.

Tazama biashara ya omena ufuoni. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka sana hupungua wavuni. Mama anayenunua huuliza kwanza: usiku ulikuwaje, na upepo je? Ana haja, tena kila mtu anaijua. Hata hivyo swali lake ni la kweli, kwa sababu jibu litaamua atanunua kiasi gani, au kama atarudi nyumbani na beseni tupu.

Kipimo changu ni hicho hicho: je, jibu linaweza kubadilisha nitakachofanya? Nikimuuliza mtu nani alimlipia karo, mazungumzo yakatufikisha kwa yatima wa dada yake anaowasomesha sasa, niwe tayari kunyamaza kuhusu mchango. Nikiomba vilevile, basi nilikuwa nasubiri tu zamu yangu ya kuongea.

Ugumu zaidi uko kwingine. Anayeomba na anayetoa hawasikilizani kwa usawa. Mwenye shida analazimika kusikiliza. Mwenye pesa husikiliza akipenda. Huku tuna WISER, shule ya bweni ya wasichana iliyofunguliwa 2010, ambayo waanzilishi wake ni pamoja na Rose Odhiambo wa Chuo Kikuu cha Egerton na Sherryl Broverman wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Kazi ya aina hiyo hutegemea watu walio mbali, na mtu wa mbali hujua kile anachosimuliwa. Mchangishaji yeyote akisikiliza vizuri hugundua haraka ni machozi gani yanayofungua pochi. Hapo kishawishi huingia: kumvisha msichana huzuni asiyokuwa nayo, kumnyima ucheshi wake, hesabu anazozipenda, ubishi wake. Yaani umemsikiliza tajiri hadi ukaacha kumsikia mtoto.

Kwa hiyo usikivu wangu una mpaka. Jibu la mtoaji libadilishe ninachomwomba, au hata kama nitamwomba. Lisibadilishe ukweli kuhusu msichana. Akisema moyo wake uko kwenye visima, nitamtafutia wanaochimba visima. Sitamwambia kwamba karo ni aina ya kisima.

Siku kama hiyo karo bado inadaiwa. Lakini hakuna msichana aliyepewa hadithi isiyo yake, na yule mtu, nikimpigia tena kumjulia hali, bado anashika simu.