Deni Kabla ya Mirathi

Nilipokuwa nasoma Illinois, nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kankakee. Jioni alikaa jikoni na makaratasi yake, akifuatilia ukoo. Wazee wake walikuwa wakulima wa Quebec, Kanada, na kwa kuwa nilisoma Kifaransa sekondari, aliniomba nimsomee rejesta za kanisa.

Kazi ile hulevya. Tangu karne ya 17, mapadri wa Quebec waliandika ubatizo, ndoa na maziko. Mwanamke aliandikwa kwa jina la ukoo wake hata baada ya kuolewa, kwa hiyo akina mama hawakupotea. Ugumu huanzia baada ya kuvuka mpaka: Leblanc anageuka White, Boisvert anakuwa Greenwood. Siku tulipompata babu wa babu yake, bibi alilia.

Sababu ya kuhama ilieleweka. Mashamba ya kando ya mto St. Lawrence yalikuwa vipande virefu vyembamba, familia zilikuwa kubwa, na ardhi haikutosha kila mtoto. Kati ya 1840 na 1930, watu wapatao 900,000 waliondoka Quebec kwenda Marekani. Wengi waliingia kwenye viwanda vya nguo vya New England. Wazee wa bibi walifuata ardhi nyeusi ya Bourbonnais, jirani na Kankakee.

"Hawakumwibia mtu," aliniambia. "Walilipa kila senti."

Nilimwamini. Ila walimlipa nani? Mwaka 1832 Wapotawatomi walitia saini mikataba ya kuiachia ardhi hiyo, na miaka iliyofuata serikali ikawahamishia ng'ambo ya mto Mississippi. Noel LeVasseur, mfanyabiashara wa ngozi kutoka Quebec, alishiriki kuwahamisha, kisha akawavuta Wakanada wenzake waje kulima. Mkewe wa kwanza, Watchekee, alikuwa Mpotawatomi. Naye aliondoka na watu wake.

Je, kitukuu wa mkulima maskini ana hatia gani hapo? Kwa maoni yangu, hana. Lakini hatia na deni ni vitu viwili.

Babu yangu alipofariki Tanga, kabla hajafukiwa, mjomba alisimama makaburini akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia. Alijitokeza fundi aliyeezeka paa la nyumba. Tulimlipa kwanza, ndipo minazi ikagawanywa. Hakuna aliyesema sisi wajukuu tulikopa, wala aliyesema babu alikuwa mwizi. Kilichosemwa ni kwamba mali yenye deni ndani yake bado haijawa yetu yote.

Nilimsimulia bibi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi sina shamba, mjukuu wangu. Liliuzwa kabla sijazaliwa. Nilipe na nini?"

Swali lake ni zito kuliko jibu nililokuwa nalo. Shamba limekwenda, lakini mahindi yake yalimsomesha baba yake, na baba akamsomesha yeye. Mali hubadilika sura ikaendelea kurithiwa, na deni hubadilika nayo. Tena, kuhama kwa sababu ya dhiki ni huzuni ya kweli, lakini dhiki ya mgeni haimrudishi mwenyeji aliyeondolewa.

Wala si kweli kwamba mambo ya zamani hayashikiki. Mwaka 2024, serikali ya Marekani ilizitambua ekari 130 za kaunti ya DeKalb, Illinois, kuwa ardhi ya Wapotawatomi wa Prairie Band. Ni sehemu ya ardhi ya kiongozi wao Shab-eh-nay, ambayo serikali yenyewe iliiuza karne ya 19 kinyume cha mkataba. Walioidai hawakuwa wameizaliwa wakati inauzwa.

Kabla sijahama, bibi alimaliza kitabu cha ukoo kwa ajili ya wajukuu zake. Ukurasa wa kwanza, kabla ya jina lolote la Kifaransa, aliandika mistari mitatu kuhusu Wapotawatomi, mwaka 1832, na mahali walikopelekwa.

"Inatosha?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba haitoshi. Lakini mjomba naye hakuanza kwa kulipa. Alianza kwa kuuliza, mbele ya watu, nani anadai.