Mabinti Watano na Shamba la Baba

Katika mwaka 1813 bibi mmoja wa Kiingereza, Jane Austen, alitoa kitabu kiitwacho Pride and Prejudice. Kwa juu ni hadithi ya mapenzi. Ndani yake mna mabinti watano wasio na kaka, na shamba ambalo baba akifa litakwenda kwa Collins, jamaa yao wa kiume.

Watu wa asili ya Bara Hindi wameipenda mno hadithi hii. Gurinder Chadha, mzaliwa wa Nairobi, aliifanya filamu mwaka 2004 akaipeleka Amritsar. Soniah Kamal akaihamishia Pakistan katika Unmarriageable (2019). Uzma Jalaluddin, katika Ayesha at Last (2018), ameipeleka kwa Waislamu wa Toronto, na bwana wa kisa ni kijana wa ndevu na kanzu ambaye watu wamhukumu kabla hajafungua kinywa. (Hilo peke yake latosha kumfanya mtu akisome.)

Lakini katika filamu ya Amritsar shamba limetoweka. Ziko ngoma, uko ulimi mkali wa binti, iko haraka ya mama kutafuta wakwe. Khofu ya mirathi haiko. Na khofu hiyo ndiyo roho ya kisa. Charlotte, shoga wa yule binti, amkubali Collins mpumbavu kwa kuwa ana miaka 27 na hana chake. Je, ana lawama? Wasomaji wengi humcheka. Mimi namwuliza aliyemwacha mikono mitupu.

Kisa hiki chaweza kupelekwa Ngara au Biharamulo pasina taabu: pana ng'ombe wa mahari waingiao zizini mwa baba, na pana migomba ya ukoo. Katika mkoa huo wa Kagera mama mmoja alirithi shamba kwa wasia wa babake. Mwaka 1988, amezeeka na hana wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000. Jamaa wa kiume akashitaki kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya alimpa mama yule haki yake.

Sharia yetu ilikwisha kuyakata haya zamani. Mahari ni mali ya mke mwenyewe. Mabinti watano wasio na kaka hupata thuluthi mbili, mama yao thumni. Collins angengojea mabaki.

Hata hivyo tusijivune upesi. Nani Pwani hii asiyejua nyumba ambamo dada "amesamehe" fungu lake? Husema mbele ya wazee, macho chini, kwamba kaka achukue, kwani akidai ataitwa mpenda mali. Kisha akiachwa hurudi nyumba ile ile ya babake akiwa mgeni, na bintiye akiposwa na mtu asiyefaa, mjombake humwambia: kubali, utakaa wapi?