Acha Nafasi ya Fundo

Fundo la mwisho ndilo la kufikiriwa kwanza. Fundi anayefunga nzi bandia wa kuvulia trauti, kazi inayofanywa Kenya kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani, hubana ndoana kwenye jiliwa na kuacha sehemu tupu ya fundo hilo nyuma ya tundu lake kabla ya kuzungusha uzi. Hufuata mkia, kiwiliwili na mabawa, kisha unyoya wa shingo ya jogoo, ule ambao nyuzi zake ngumu husimama pande zote na kumwezesha nzi kuelea. Hapo ndipo mkono hutamani kuuzungusha mara moja zaidi, maana unyoya bado upo na unang'aa vizuri mno. Mzunguko huo ukimeza ile nafasi, kichwa hujaa, tundu huziba, mshipi haupiti. Kwangu mimi, ustadi wote wa kazi hiyo uko katika milimita moja au mbili zilizoachwa wazi kwa makusudi. Zikishamezwa, fungua mzunguko wa mwisho na ukate unyoya uliobaki, hata kama ni mzuri kiasi gani.